Kanda ya Kigelegele

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Lushoto mjini, namenya viazi, simu ikaanza kulia mfululizo. Nikajua ni wale wendawazimu wenzangu. Tuko kwenye kundi la wapenzi wa bendi moja ya dansi ya zamani, jina lake nalibana kwa sababu nikilitaja tu tutagombana, na kazi yetu humo ni kutumiana kanda za ukumbini na kutukanana kwa heshima. Nyimbo zilizorekodiwa redioni hatuzitaki. Zile zimenyooka mno, wanamuziki wametulia kama wako kwenye mtihani. Sisi tunataka za ukumbini, watu wanapiga kelele, mwimbaji amesahau ubeti na mpiga solo anamsitiri. Mmoja atasema kanda ya Korogwe ndiyo baba lao, mwingine wa Tanga atamwambia akapimwe masikio. Mimi mwenyewe nina mdomo humo, sikufichi.

Siku hiyo kijana mmoja, mgeni kwenye kundi, alikuwa ametuma kanda na kuandika chini yake: "Shikamooni wakubwa. Hii ni ya marehemu babu, aliirekodi mwenyewe Lushoto. Haijakatwa hata kidogo." Nikaifungua na maji ya viazi mkononi. Gita la kwanza lilipoingia tu nikakaa chini. Niliijua kanda ile kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na nilimjua babu wa yule kijana. Alikuwa jirani yetu, na Mungu anisamehe, sijawahi kumwombea dua.

Nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu. Nyumbani kwetu ni upande wa Malindi, hii ya huku huku Lushoto, kwenye mteremko ambao ukiangusha kabeji inaokotwa na watu wa chini. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni, tunakunywa chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, sweta hazivuliwi mpaka jua lipande. Moshi wa kuni za miwati ulitukaa kwenye nguo hata tukienda shule. Mapeasi yalikuwa yanaozea chini ya mti, nyuki wanayagombania, na sisi watoto tunagombana na nyuki. Mkuu wa nyumba alikuwa bibi, mama yake baba. Baba alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu zake, lakini bibi akikohoa tu, baba anasimama. Na kulikuwa na shangazi, binti wa mwisho wa bibi, ambaye mimi nilikuwa namfuata nyuma kila aendako mpaka ananifukuza.

Shangazi alikuwa na mdomo mwepesi na kicheko cha sauti, kitu ambacho bibi hakukipenda. Alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule yetu, kijana mpole aliyetoka Tanga, suruali yake imepigwa pasi hata siku ya matope. Walikuwa wanapendana, na siku hizo si kila posa ilikuja na mapenzi. Harusi ingefanyika tukishavuna maharage. Khanga zake zilikuwa tayari sandukuni, na nilikuwa nafungua sanduku kwa siri kuzinusa. Ila watu wa mwalimu walikuwa watu wa dini kweli kweli, na bibi alimwonya shangazi kila siku: neno moja tu baya likiwafikia wale, basi, hakuna harusi.

Jirani naye alikuwa anamtaka. Alikuwa mfanyabiashara wa mboga, anashusha kabeji na karoti Tanga, na nyumbani alikuwa na mke, mwanamke mpole aliyeolewa kutoka Upare. Akamfuata shangazi mtoni, mbele ya wanawake wanaofua, akamwambia anataka awe mke wa pili. Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Mke wa pili wa kazi gani? Wa kukubebea redio?" Wanawake walicheka mpaka wengine wakaachia nguo zikachukuliwa na maji. Jirani alicheka pamoja nao. Mimi niliona anacheka, nikadhani yameisha.

Hiyo redio ndiyo iliyomfanya awe mtu. Ilikuwa redio kaseti kubwa yenye spika mbili, na kila bendi ilipopanda kupiga Lushoto, jirani alikwenda nayo ukumbini, akaiweka karibu na jukwaa, akarekodi. Halafu Jumapili alasiri uwanja wake unageuka ukumbi. Betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Wakubwa wanakaa kwenye magogo, wanabishana: hapa solo limelia zaidi kuliko kanda ya mwaka jana, hapa mpiga tumba amelewa, sikiliza, sikiliza, anachelewa. Sisi watoto tulisikiliza kwa kazi. Ukitaka wimbo, pukuchua mahindi yake. Mahindi yakiisha na wewe unafukuzwa, hata wimbo ukiwa katikati. Vidole vilitutoka malengelenge na bado tulikwenda. Mapenzi yangu ya dansi niliyapata pale, kwenye mahindi ya watu.

Sasa nikwambie habari ya vigelegele, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kule kwetu nyumba zinatazamana kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na wanawake walijuana kwa sauti. Mtoto akizaliwa ng'ambo ya bonde, kigelegele kikapigwa, bibi akiwa ameinamia chungu anakwambia huyo ni mama fulani, na hakosei. Cha nyumbani kwetu kilijulikana kuliko vyote. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika ghafla ukadhani kimekwisha, halafu kikarudi na mkia mfupi. Bibi alikuwa nacho, akampa shangazi. Shangazi hakuwa mchoyo. Alimfundisha yule mke wa jirani, maana walikuwa marafiki, wakijifungia jikoni kwetu wakipiga na kucheka mpaka bibi anagonga mlango kwa mwiko. Bibi mwenyewe kilimtoka siku hizo, meno yalikuwa yamepungua, na yule rafiki hakuna aliyewahi kumsikia akikipiga nje ya jiko letu. Kwa hiyo watu wakisikia kile kigelegele walisema neno moja: shangazi.

Kabla ya mavuno, shangazi alitumwa Bungu kumuuguza dada yake bibi. Siku ya kurudi, gari lilimfikisha Mombo jioni, magari ya kupanda Lushoto yamekwisha. Akalala kwa mama mmoja muuza chai pale stendi. Asubuhi akapanda, akafika nyumbani na vumbi lake, akatoa shikamoo, akaeleza, bibi akaitikia, maisha yakaendelea. Usiku huo huo aliolala Mombo, bendi ilikuwa inapiga Lushoto.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu kumwalika bibi. "Onga mshi, mama," akamsalimu Kishambaa kwa adabu zote. "Nina kanda mpya, ya bendi ya juzi. Leo na wewe uje usikilize." Bibi hakuwa mtu wa dansi, lakini alipenda kualikwa. Akajifunga khanga, akaenda, na baba, na shangazi, na mimi nyuma yao.

Wimbo ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Gita lilikuwa linapanda na kushuka, watu wametulia, mikono yangu iko kwenye mahindi. Halafu katikati ya chemko, pale magita yanapochanganya, kikatoka kigelegele. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikarudi na mkia. Jirani akabonyeza kitufe, kanda ikasimama.

"Hiyo sauti mnaijua?" akauliza, mpole kabisa.

Akarudisha nyuma, akapiga tena. Kikakatika, mkia, kitufe. Akarudisha tena. Mtu mmoja alisema tuachie wimbo uendelee, jirani akasema hapo mbele kanda imekwaruzika. Mke wake alikuwa kizingitini anachambua maharage, hakuinua kichwa. Tulidhani anatuonea haya.

"Mimi nilikuwa Mombo," shangazi akasema. "Mama, wallahi nilikuwa Mombo."

Bibi hakumtazama. Alikuwa anatazama redio. "Piga," akamwambia.

"Nipige nini?"

"Piga tusikie."

Mpaka leo najiuliza angefanyaje. Angekataa, wangesema anaficha. Alisimama katikati ya uwanja wa mtu aliyemkataa, mbele ya watu wenye magunzi miguuni, akaweka mkono mdomoni, akapiga. Machozi yalikuwa yanamtoka na kigelegele kikatoka kizima, hakuna kilichopungua, kikapanda, kikakatika, na ule mkia ukatoka mwembamba. Jirani akamwachia amalize. Halafu akabonyeza, cha kwenye kanda kikajibu. Mzee mmoja akasema, "Ndicho." Basi. Hukumu ikawa imetoka, na sisi watoto tukapewa mahindi mengine.

Mombo si mbali. Ukishuka asubuhi, alasiri umerudi. Yule mama muuza chai alikuwepo pale stendi kila siku ya Mungu, na hakuna hata mtu mmoja kwetu aliyeshuka kumuuliza. Bibi hakushuka. Baba hakushuka. Mwalimu mwenyewe, na suruali yake ya pasi, hakushuka. Wazee wake walikuja kuvunja uchumba, na yeye akaomba uhamisho, akaenda bila kuaga. Wiki nzima alikuwa anatufundisha kuandika insha juu ya ukweli, yule.

Shangazi aliozeshwa chini kule tambarare, upande wa Mkomazi, kwa mzee mwenye mbuzi na wake wengine, kwa sababu bibi alisema apatikane yeyote asiye na maswali. Aliondoka na sanduku moja. Khanga mpya bibi alizigawa, akasema si za mtu wa aina hiyo. Siku anaondoka wanawake walipiga vigelegele kama desturi, vya kawaida tu, na shangazi alipita katikati yao amefunga mdomo. Sikuwahi kusikia tena kigelegele chetu. Kwenye harusi za watoto wake mwenyewe alikaa akipiga makofi.

Jirani akaendelea na Jumapili zake. Kanda ile ndiyo ikawa inapendwa kuliko zote, watu wanatoka hadi vijiji vya mbali kuisikiliza, na kila mara ikifika kwenye kigelegele anabonyeza, anarudisha, watu wanacheka. Wimbo ule sisi tuliujua mpaka hapo tu. Nilikua, nikasoma, nikapata kazi, nikawa na simu, na sikuwahi kuusikia mwisho wake.

Sasa, Jumapili hiyo iliyopita, na maji ya viazi mkononi, nikausikia. Kigelegele kikapanda, kikakatika, mkia ukaja, na hakuna kidole cha mtu kilichosimamisha. Na hapo hapo, karibu kabisa na redio, ikatoka sauti ya jirani yetu, changa, imejaa furaha: "Taratibu mke wangu, unaniharibia kanda!" Na mwanamke akacheka, kile kicheko cha Kipare nilichokuwa nakisikia jikoni kwetu.

Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Gita liliendelea vizuri mpaka mwisho.

Kwenye kundi walikuwa wanashangilia. "Hapo kwenye kigelegele na jamaa anamwambia mkewe taratibu, utamu mtupu!" "Hiki ndicho kinachokosekana kwenye nyimbo za leo!" Mmoja akasema tayari ameufanya mlio wa simu yake. Yule kijana aliweka vikopa vya mapenzi na kuandika: "Babu na bibi yangu walipendana sana."

Shangazi ninaye mimi. Mzee wa Mkomazi alipokufa, watoto wa wake wakubwa walimtoa nyumbani, nikaenda kumchukua. Alikuwa barazani siku hiyo, ungo wa maharage mapajani, shali mabegani kwa sababu ya baridi. Nilimwendea mbio, nikamwambia shangazi sikiliza hii. Nikaiweka toka mwanzo. Kigelegele kilipotoka, mikono yake haikusimama. Sauti ya jirani ikaja, ikapita. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Mbona husemi kitu?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia mimi, siyo yeye. "Shangazi, si umesikia? Ni mke wake! Na jirani alikuwa anajua!"

"Mimi nilikuwa Mombo," akasema. "Tangu siku ile nilijua si mimi. Wewe ndiyo unajua leo."

"Nawaambia wote. Nataka watu wajue."

Akaacha kuchambua, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nitoke jikoni.

"Watu gani, mwanangu? Niitie hata mmoja."

Nikakaa pale chini nikiwatafuta. Bibi, baba, mwalimu, jirani, mke wake, yule mzee aliyesema ndicho, wazee wa Tanga waliokuja na mikongojo kuvunja uchumba. Wote wamezikwa. Uwanja wa jirani umelimwa karoti. Aliyebaki wa kuambiwa ni shangazi peke yake, na yeye alikuwa amesharudi kwenye maharage yake.