Bangi ya Mume Wangu na Magoti ya Mama

Siku lifti ya jengo letu ilipokufa, mama yangu alipanda ngazi hadi ghorofa ya nane akiwa amebeba unga.

Unga wa kilo kumi. Mama huyohuyo ambaye mwaka uliopita nilikuwa namshika mkono kumtoa kitandani kwenda choo.

Aliweka unga mezani, akauliza kama kuna chai.

Mume wangu akapiga magoti pale pale. Si mbele ya mama, msinielewe vibaya. Alikimbia chumba cha pili akaupigia magoti mmea.

"Malkia," akauambia, machozi yakimlengalenga. "Umeweza!"

Wengi mmekuja inboksi kuniuliza kama ni kweli bangi ilimponya mama yangu. Kaeni chini basi, niwaeleze mara moja nisiulizwe tena.

Naitwa Nkatha. Tunaishi huku ughaibuni, Kingsview Village, yale maghorofa ya Dixon karibu na uwanja wa ndege, ambapo ukiongea na simu inabidi unyamaze kwanza ndege ipite. Nafanya kazi ofisi ya bima, napokea simu za watu wenye hasira. Mume wangu Kangethe ni mtu wa kompyuta, anafanyia kazi nyumbani. Hapo ndipo balaa lote lilianzia. Mwanaume ukimwacha peke yake na intaneti ya kasi, atajipa udaktari kabla mwezi haujaisha.

Mama alikuja kutoka Meru baada ya baba kufariki. Magoti yake yalikuwa yameisha. Daktari akampa vidonge vya maumivu na karatasi ya mazoezi. Karatasi mama aliikunja akaitia ndani ya Biblia, na huko ndiko iliko hadi leo.

Kangethe akaingia mtandaoni kumtafutia mkwewe dawa. Akatoka na neno moja: mbegu ya asili.

"Mama Michelle, bangi ya maduka ya hapa ni takataka," akaniambia. "Imechanganywa mpaka haijui kwao ni wapi. Mi nataka ile aina ya sativa, ya asili. Ile imejiotea milimani miaka na miaka, hakuna mtu ameigusa. Dawa iko hapo."

"Nani amekuambia?"

"Niko kwa grupu."

Grupu! Wanaume wenye picha za majani mahali pa uso, kila mmoja profesa.

Nisieleweke vibaya. Ule mmea una mambo yake, na watu wenye maabara zao wanauchunguza kila siku. Mimi sina ugomvi na mmea. Ugomvi wangu ulikuwa na Kangethe.

Mbegu zilifika kwa posta. Binti yetu Michelle akahamishwa chumba, akaenda kulala na nyanya yake. Chumbani kwake kukasimamishwa hema jeusi lenye taa kali kama ya uwanja wa mpira. Sheria ya hapa inaruhusu mimea minne kwa nyumba, kwa hiyo Kangethe akabaki na majike matatu na dume moja.

Sasa, sativa ya asili haijui maghorofa. Kazi yake ni kurefuka. Ilifika juu ya hema, ikajikunja, ikatafuta njia nyingine. Kangethe akaifunga kamba kama mbuzi. Na haitoi maua mpaka ipate giza refu kama la kwao, giza kamili, hata mwanga wa simu usipite. Zipu ya hema ilikuwa mbovu. Basi mimea ikilala, nyumba nzima tunatembea kwa kupapasa ukuta, na kijiko kikianguka jikoni tunakitafuta kwa vidole.

Dume alilihamishia bafuni lisije likachavusha kila kitu. Nilikuwa naoga huku bangi dume imenikodolea macho.

Unga wake wa manjano aliuchota kwa brashi ya rangi ya Michelle, akaupaka tawi moja tu la kila jike, apate mbegu hapo. Matawi mengine aliyapika polepole kwenye mafuta ya zeituni. Harufu ilishuka ngazi ikafika kwa mwenye jengo kabla ya sisi kufungua dirisha.

Majike aliyapa majina: Shosho, yaani nyanya, Malkia na Jenerali. Kila jike na chupa yake ya mafuta. Mpango ulikuwa hivi: mama atumie chupa moja wiki kadhaa, halafu nyingine. Jike litakalomsaidia, mbegu zake zitapandwa. Mengine, mbegu zao zitupwe. Kizazi hadi kizazi, mpaka apatikane bingwa wa magoti.

"Unachagua mbegu kwa goti la mtu mmoja?" nikamuuliza.

"Goti halidanganyi."

Mama aliposikia ni nini, macho yalimtoka. "Bangi? Mimi, mwenyekiti wa akina mama wa Methodisti?"

Lakini Kangethe alimletea chupa kwa mikono miwili, amejiinamisha jinsi mkwe anavyojiinamisha. Na mama yangu ni wa zamani. Kwake, mkwe hakataliwi kitu usoni. Hawa watu wawili walikuwa wanaoneana haya hata kula meza moja. Mama akisikia mlango wa bafu umefunguka, anajifungia chumbani asije akamwona mume wangu na taulo. Nguo zake za ndani alikuwa anazianika chini ya kitanda, jamani, chini ya kitanda, ili mkwe asizione.

Akaipokea chupa kwa mikono miwili.

"Asante, Baba Michelle. Mungu akubariki."

Wakaanza na Shosho. Wiki zikapita, magoti yaleyale. Mbegu za Shosho zikaenda kwa pipa.

Ikaja zamu ya Malkia. Wakati huohuo mama alipata rafiki, Carmelina wa ghorofa ya tatu, mama wa Kigoa, Mhindi aliyezaliwa Nairobi, mstaafu wa benki. Mama hakuwa na Kiingereza, na Carmelina hakuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili tangu mumewe afariki. Wakashikana kama watoto wa shule. Asubuhi Carmelina anampitia, wanashuka polepole kwa lifti, wanasema wanaenda kunywa chai.

Na mama akaanza kuinuka. Kwanza aliacha kunishika mkono. Halafu aliacha fimbo.

Kangethe karibu apasuke kwa furaha. Kuhakikisha, akambadilishia, akampa Jenerali. Mama akarudi kitandani, analia magoti. Carmelina akawa anakuja tu kukaa naye sebuleni.

"Jenerali ni msaliti!" Kangethe akapiga kelele, na mbegu zake zikafuata za Shosho. Akarudisha Malkia, na mama akasimama tena.

Nami, Nkatha mwenye mdomo mrefu, nikanyamaza. Ningesema nini? Mama anatembea.

Kizazi cha pili kilikuwa mabinti wa Malkia. Wa kwanza akafaulu. Wa pili akaanguka vibaya, mama hakutoka nyumbani mwezi mzima, tena alikuwa mpweke maana Carmelina alikuwa amesafiri kumwona mwanawe Calgary. Wa pili akatupwa. Wa kwanza akazaa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nywele za mama zilianza kunuka Jik, ile klorini ya kufulia nguo nyeupe.

"Namsaidia Carmelina kufua," akasema bila kunitazama.

Kangethe alikuwa na jibu lake. "Hiyo ni sumu inatoka mwilini. Hata kwa grupu wamesema."

Sumu inayonuka Jik. Na mwanaume huyu ana digrii.

Ndipo lifti ikafa, mama akapanda na unga wake, na jengo zima likaona. Kesho yake mlangoni kwetu palikuwa na foleni. Wa mgongo, wa sukari, wa usingizi, hata mmoja aliyetaka ya kumrudisha mume. Kangethe akawa anawapokea kwa sauti ya chini kama kasisi. Watu wanaosoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya biskuti walimeza kila neno lake.

Kati yao alikuwa Eustache, Mkongo anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Binti yake Gracia ana kifafa. Vidonge vya hospitali vilikuwa vinamzuia asianguke, ila vilimfanya asinzie darasani, na roho ya baba yake ilikuwa inauma.

"Mjukuu wa Malkia atamfaa," Kangethe akamwambia. Hata hakufikiria mara mbili.

Alipoondoka nilimgeukia mume wangu. "Kangethe, goti na ubongo ni vitu viwili. Huyo mtoto akiacha dawa anaweza kufa."

"Sijamwambia aache."

"Hujamwambia asiache!"

Tuligombana hadi majirani wakagonga ukuta. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi nusu. Siku hizo hakula vizuri. Nikimuuliza, anasema ni tumbo.

Jumamosi mchana Kangethe akaitisha mkutano katika ukumbi wa chini wa jengo, akaalika hata wazee wa kanisa la mama. Alivaa suti. Ukutani aliangaza mchoro wa ukoo wa mimea: Malkia juu, mabinti chini, wajukuu chini yao, waliokufa wamewekewa msalaba mwekundu. Ukoo wa bangi umechorwa vizuri kuliko wa kwao Murang'a.

Mama ndiye aliyetakiwa kutoa ushuhuda. Alichelewa, akaingia na Carmelina, mkoba kifuani, nywele zimefungwa kitambaa.

Kabla hajaitwa, Eustache akasimama. Gracia alikuwa amemshika suruali.

"Mimi ni baba ya Gracia," akasema. "Ile madawa ya hospitali inamulalisha mutoto, kwa masomo hasikie kitu. Tangu jana simupe tena. Minangojea tu mafuta ya Papa Kangethe."

Watu wakapiga makofi! Naapa, watu wazima wenye watoto wao walimpigia makofi.

Kangethe hakupiga. Nilimwona rangi ikimtoka. 

Mimi nikainuka kwa kelele, lakini mama alikuwa ameshatangulia mbele. Alitembea bila fimbo hadi alipokuwa Gracia, akamshika kichwa. Akalia.

"Baba Gracia, nenda umletee mtoto dawa yake. Sasa hivi. Hiyo mafuta mimi sijawahi kuiweka mdomoni."



Akafungua mkoba. Akatoa mfuko wa plastiki unaodondosha maji, akaufungua, akainua juu, mbele ya mkwewe, mbele ya wazee wa kanisa, nguo ya kuogelea. Ya zambarau. Yenye maua.

"Dawa yangu ni hii," akasema. "Carmelina alinipeleka kwa bwawa la maji ya moto, pale kituo cha jamii. Wazee wanafanya mazoezi ndani ya maji. Niliona aibu kusema. Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba navaa hii?"

Kangethe aligeuka akatazama mchoro wake. Nami nikautazama, na kila kitu kikanijia kwa mpigo.

"Mama," nikamuuliza, "wakati wa Jenerali?"

Carmelina akamjibia. "Bwawa lilifungwa, mama. Walikuwa wanatengeneza mabomba."

"Na yule binti wa pili?"

"Mimi nilikuwa Calgary. Peke yake aliogopa kwenda."

Ina maana mume wangu, kwa hema na taa na brashi na giza la kupapasa ukuta, hakuwa amechagua bangi. Alikuwa amechagua ratiba ya bwawa. Kama bwawa lingefungwa wiki nyingine, Malkia angekuwa kwa pipa na Jenerali angeitwa mkombozi.

"Na mafuta, Mama?" Kangethe akauliza kwa sauti ya mtoto. "Chupa zote zile?"

Mama akainamisha uso. "Nisamehe, Baba Michelle. Ulinipa kwa mikono miwili, ningekatalia wapi? Mlango wa kabati langu ulikuwa unalia. Niliupaka kwa bawaba. Haulii tena."

Eustache hakungoja kusikia hayo. Alikuwa ameshapanda ngazi mbili mbili, na alirudi na vidonge mkononi na maji kwa kikombe cha chai. Gracia alimeza pale pale mbele yetu sote, na sikusikia mtu akipiga makofi. Wiki iliyofuata alimrudisha kwa daktari, akapunguziwa kipimo taratibu hadi usingizi ukaisha. Hajaanguka. Siku zote hizo Eustache alikuwa hajamwambia daktari kwamba mtoto anasinzia, ila alikuwa amewaambia watu wa grupu, ambako Kangethe alikuwa amemwingiza.

Kangethe alivunja hema mwenyewe. Michelle akarudi chumbani kwake, ingawa mito bado inanuka. Mjukuu mmoja wa Malkia aliupanda kwa kopo kwenye baraza, eti upate hewa. Ulirefuka hadi juu ya ukuta, ukangoja siku ziwe fupi, na kabla haujatoa hata ua moja baridi ya Oktoba ikaukausha. Hakuulilia.

Mama sasa anaenda bwawani kila wiki, anapiga hodi kwa Carmelina mwenyewe. Ile nguo ya zambarau haianikwi tena chini ya kitanda. Inakauka bafuni, palepale dume liliposimama, na siku hizi ni Kangethe anayepiga kelele kabla ya kuingia, akitembea ameziba macho kwa mkono.

Kwa hiyo, nyie wa inboksi, msiniulize tena bei. Pandeni mnachotaka, sheria inaruhusu minne. Ila kabla ya kutangaza kwamba dawa yako imeponya mtu, hakikisha kwanza mgonjwa aliimeza.