Kesi Iliyotembea Kati ya Mikorosho

Niliondoka Nakuru kwa sababu nilichoka kubishana juu ya mambo ambayo sijawahi kuyaona. Chuoni tulijadili haki za binadamu mpaka koo zikakauka, nami kila mara nilikuwa upande wa wanaouliza: haki hizo nani amewahi kuziona zikifika kijijini? Kikundi cha kina mama cha Songea, kusini kabisa mwa Tanzania, kilipokubali kunipokea kwa mafunzo ya kazi, mama yangu aliniuliza kama Kenya matatizo yamekwisha. Nilimjibu yapo, ila nimeyazoea.

Kutoka Dar es Salaam basi lilipanda nyanda za juu siku nzima. Njombe palikuwa na ukungu na baridi kama ya kwetu. Baada ya hapo ikaanza kuja milima na mabonde yasiyo na uzio wowote. Sisi tuliokulia kati ya seng'enge za mashamba makubwa hatujui kutazama nchi ya namna hiyo.

Songea, Mama Agatha, kiongozi wa kikundi, alinipokea stendi akanipeleka kwenye mgahawa. "Nipe chai," nilimwambia mhudumu.

"Mwanangu," Mama Agatha akacheka, "umekuja kutetea watu au kuwaamrisha? Huku tunaomba."

Wenzake walikuwa wakulima na mafundi cherehani waliosomeshwa sheria kidogo. Wengi waliowajia walikuwa wajane walionyang'anywa mashamba na ndugu za mume. Niliwauliza nani aliwachagua, na wanajuaje kwamba wanasaidia. Mama Agatha alijibu moja baada ya jingine, mara nyingi kwa neno "sijui", wala hakuona haya.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Namasakata, wilaya ya Tunduru: mtu aliyefiwa anafukuzwa shambani. Nilianza kumwandalia huyo mama hoja. "Si mama," Mama Agatha akasema. "Ni mzee wa kiume."

Ndani ya lori la chumvi, kwenye barabara ya vumbi iendayo Tunduru, akanieleza. Kwa Wayao wa huko ardhi hupita upande wa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na mke akifa, ndugu zake wanaweza kumrudisha mume alikotoka. Mzee Rajabu alikuwa amezeekea pale. Alipanda mikorosho, akaiona ikimezwa na pori watu walipohamishiwa vijiji vipya, akaifyeka upya. Sasa biashara ya korosho ilikuwa huria, wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, na shemeji yake, Bwana Issa, alikuwa ameikumbuka mikorosho. Mzee akitoka, hakuwa na pa kwenda. Kwao alikozaliwa hakubaki mtu wa kumjua.

Namasakata tulifika mabibo, matunda ya mikorosho, yakiwa yameiva, harufu yake tamu imejaa njiani. Mikeka ilikuwa tayari imetandikwa. Mama Agatha akaikataa kwa heshima. "Sisi kesi ya shamba tunaisikiliza shambani, tukitembea. Tukikaa hapa tutahutubiana mpaka jioni."

Nilidhani ni mchezo wa kuigiza. Bwana Issa akatangulia. "Hii ni ardhi ya mama yangu. Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha.

Mzee Rajabu akafuata, anagusa shina moja moja. "Huu niliupanda alipozaliwa binti yangu Zuhura. Huu mwaka wa nzige." Nyuma yake alitembea Bi Somoe, dada mkubwa wa marehemu, kajifunga kanga kiunoni, uso umekunjwa.

"Huo si wako!" akamkata. "Huo kaupanda marehemu. Wewe ulikuwa umelazwa."

Mzee akasimama, akautazama mti. "Kweli," akasema, akaondoa mkono.

Nikaona amejimaliza mwenyewe. Tukaendelea. Akaupita mkorosho mmoja uliopinda bila kusema neno, na Bi Somoe akasimama.

"Na huo mbona unauruka?"

"Sina hakika nao, shemeji."

"Huna hakika! Mwaka wa ukame nani aliubebea maji kutoka mtoni, sisi tunamcheka? Marehemu aliona aibu kupita na wewe njiani!"

Wadogo zake waliokuwa wakifuata nyuma wakaangua kicheko. Kuanzia hapo mzee hakuhitaji kusema. Dada za marehemu walitangulia, wakibishana, wakisahihishana, mti kwa mti, na kila mti ulikuwa na siku yake na mtu wake. Nimesoma katika maktaba kubwa, lakini sijawahi kuona jambo likisomwa hivyo, na watu waliokuja kumfukuza ndio waliokuwa wakimsomea.

Kwenye mti wa mwisho Bi Somoe alimgeukia kaka yake. "Issa, wewe umewekwa kutulinda sisi dada zako. Ardhi ni yetu wanawake. Shemeji atabaki mpaka Mungu amchukue, kisha mikorosho ni ya Zuhura."

"Na akioa mwingine?" Issa akauliza.

"Amfuate huko kwao, kama mila inavyosema!"

"Nioe kwa magoti haya?" Mzee Rajabu akasema. Hata Issa alicheka, ingawa aliondoka bila kuaga.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Mama Agatha kama alijua mambo yangeishia hivyo. "Sijui hata yameishia wapi," akasema. "Wanunuzi watarudi mwakani, na Issa yupo." Nilikuwa nikidhani haki husafirishwa kijijini kutoka mahali fulani. Pale niliiona ikiokotwa chini, na wenyewe.

Mafunzo yalipokwisha, nilifika Nakuru jioni. Kesho yake, kabla ya chai, nilimwomba mama anitembeze shambani, mti kwa mti. Alinitazama kana kwamba nina homa. Kisha akaweka sufuria chini, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mparachichi ulio mpakani, akaushika shina.

"Huu," akasema, "baba yako alinikataza kuupanda."

Nikamsogelea, nikasubiri.