Kiguu na Njia na Bwawa la Nne

Kwa miaka yote niliyomjua dada yangu, sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa nusu, husimama, huchungulia dirishani, hurudi kukiweka kikombe mahali pengine, kisha huuliza nani amekunywa chai yake. Marehemu mama alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa na haraka zake, mkunga hata hakuwahi kunawa mikono. Mtaani wanamwita Kiguu na Njia, na wavivu wa kusema wamelikata jina likabaki Kiguu. Anaitika bila kinyongo.

Kazi yake inamfaa, maana ni kazi ya kutembea. Mwaka wa ishirini na mbili huu ni msimamizi wa mabwawa ya majitaka ya mji wetu. Mabwawa ni manne, yamepangwa kwenye mteremko, la juu humwagia la chini. Kila asubuhi huyazunguka yote akiwa na buti za mpira, fimbo ya kupimia kina na daftari alilolifunga kwenye mfuko wa nailoni. La kwanza ni jeusi, na harufu yake sina haja ya kuieleza. La pili lina rangi ya udongo. La tatu ni kijani kizito. La nne ni kijani chepesi, lina samaki wadogo na midiria wawili, wale ndege wavuvi, ambao hushinda juu ya bomba wakiwapigia samaki mahesabu. Samaki wale hawafugwi waliwe. Wapo kama mashahidi. Wakiwa hai, maji yanaruhusiwa kutoka kwenda mferejini. Wakifa, kilango kinafungwa siku hiyohiyo.

Mfereji huo ndio unaonilisha mimi. Chini ya mteremko nina kitalu cha miche ya miti, miche elfu tatu kwenye vifuko vyeusi, na yote hunywa maji ya dada yangu. Watu wakinitania kwamba nanenepa kwa uchafu wao, nawaambia wazidi kuchangia.

Mwaka huu ofisi kuu ikatoa amri: kila msimamizi awe na cheti cha misingi ya ikolojia. Kiguu, na miaka yake arobaini na tisa, akapelekwa darasani kila Jumamosi, akae kwenye kiti tangu saa mbili hadi saa saba. Siku ya kwanza mwalimu, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwuliza kwa upole kama anaumwa tumbo.

Hata hivyo alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Mdogo wangu, kumbe ule ukijani una cheo! Unaitwa mzalishaji. Unajipikia chakula kwa jua, halafu wengine wote tunadoea."

Vidudu vinavyokula kijani ni walaji wa kwanza, samaki ni walaji wa pili, mdiria yuko juu yao, na vile visivyoonekana kwa macho, vya bwawa la kwanza, ni waozeshaji: huvunjavunja kila kilichokufa kirudi kuwa mbolea ya mzalishaji. Alinieleza haya yote akiwa anazunguka meza yangu, akihamisha vikombe kuonyesha nani anamla nani. Wiki iliyofuata akaja na habari kwamba mazingira yoyote yana idadi yake ya kulisha, ikizidi watu wanaanza kufa au kuhama. Akawatazama binamu wanne waliokuwa sebuleni kwangu mwezi wa tatu huo. "Hawa nao lini?" akauliza.

Kisha ikaja habari ya wageni. Jumatatu ya wiki iliyofuata, wakubwa wa ofisi kuu wangekuja kukagua mabwawa.

Hapa nataka kumtetea dada kidogo kabla sijamsema. Miaka ishirini na miwili watu wananusa kabla ya kumsalimia. Kwenye harusi kiti cha kando yake huwa cha mwisho kupata mtu. Moyoni alitaka mara moja tu, watu wenye suti wasimame kwenye bwawa lake waone maji meupe. Alijua vizuri kwamba la tatu lazima liwe kijani. Lakini la nne, akajiambia, limeshamaliza kazi. Ukijani wake ni mazoea tu. Na stoo kulikuwa na mrututu, zile chembe za buluu za kuua mizizi inayoingia kwenye mabomba, na ukijani nao haziuachi. Jumanne akajaza ndoo, akaimimina guniani, akaliburuta gunia majini kuanzia ukingo huu hadi ule. Hakumwambia mtu.

Alhamisi aliniita. "Njoo uone!"

Niliona mpaka chini. Niliona kiatu cha mtu kimelala kwenye tope, na kamba zake. Nikamsifu dada yangu, nikasema maji haya hata bibi harusi angejitazama. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo naona haya.

Ijumaa asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta pumzi. Mchana walikuwa wamegeuza matumbo. Maji yakaanza kuwa meusi na kunuka kama bwawa la kwanza, midiria wakaondoka, na dada akafunga kilango kwa mikono yake. Mfereji wangu ukakauka kabla ya jioni.

"Ni hili joto," aliniambia, akiwa tayari ananipa mgongo.

Nilililaani joto kwa moyo wote, nikamsaidia kuopoa samaki hadi giza. Jumamosi akaenda kwenye mtihani wa kile cheti.

Jumapili nilikuwa bwawani tena namsaidia kuopoa samaki kwa wavu, huku nikinung'unikia miche yangu, mwalimu wake alipotokea na karatasi mkononi. Alisimama mbali kidogo na harufu, kisha akajikaza akasogea.

"Shikamoo, mama. Samahani kukufuata kazini. Hili jibu la swali la nne, ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli, mwalimu. Nihukumu tu."

Swali lilikuwa: eleza kitakachotokea katika bwawa wazalishaji wakiondolewa. Wenzake waliandika mistari minne. Kiguu, asiyekaa kitini, alikaa mpaka mwalimu akamnyang'anya karatasi. Aliandika kurasa tatu: siku, saa, ndoo, gunia, samaki wa kwanza aliyemwona anahema. Mwishoni aliandika, "Mdogo wangu hajui. Miche yake itakufa na bado ananisaidia kuopoa."

Mwalimu alilisoma hilo kwa sauti, maskini, bila kujua kwamba mdogo mwenyewe ndiye mimi.

"Joto, siyo?" nikasema. Nilitupa wavu chini. Nilimwambia mengine pia, ambayo mbele ya mwalimu wa watu hayakupaswa kusemwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua; nilimwambia na hilo.

Mwalimu alingoja nimalize. Kisha akaeleza, kama anayesahihisha daftari. Kijani cha bwawa la nne hakikuwa mazoea. Mchana kucha kilikuwa kinawapa samaki hewa. Kilipouawa kilizama, kikaoza, na waozeshaji walipokila walimaliza hata ile hewa kidogo iliyobaki. "Hakuna aliyekuwa bwawani bila kazi, mama."

"Sasa nifanye nini? Nitie chokaa? Nilete pampu? Nimwage mbolea?" Dada alikuwa ameshaanza kuelekea stoo.

"Usitie kitu. Fungua kilango cha la tatu upana wa kiganja, kijani kiingie chenyewe. Maji mengine yapeleke kwenye lile dimbwi la akiba pale pembeni. Halafu ukae."

"Nikae?"

"Ukae tu, mama."

Sijapata kumwona mtu akipewa adhabu kubwa kama ile. Jumatatu wageni walikuja na vitambaa puani, na yeye mwenyewe akawaambia alichofanya. Mkubwa wao akampa wiki mbili: bwawa likifufuka atapewa barua ya onyo, lisipofufuka atapewa ile nyingine. Akarudi kuzunguka. Siku ya tatu njia ya ukingoni ilikuwa imelika kwa buti zake. Siku ya tano nilimkuta ameshika mlango wa stoo, akauachia aliponiona. Siku ya sita akageuza ndoo, ileile ya mrututu, akaikalia, akaanza kuyatazama maji.

Mimi nilikuwa nabeba maji ya mgao kutoka nyumbani, madumu mawili mawili, kwa miche elfu tatu. Ilibidi nichague ya kunywesha. Safu za mwisho niliacha kuzitazama.

Siku ya kumi ukijani ulionekana hata kutoka kwangu. Nikapanda mteremko mbio.

"Dada, maji yamepona. Fungua!"

"Bado."

"Bado nini? Si unaona?"

"Nimetia humo samaki kumi wapya wa mtoni, kwenye kikapu cha waya. Wakifika kesho saa mbili wazima, nafungua."

"Kesho miche yangu itakuwa kuni!"

"Najua," alisema. "Najua, mdogo wangu. Lakini nilishawahi kuona maji mazuri hapa."

Maji yale tuliyaona pamoja, na mimi ndiye niliyeyasifu.

Asubuhi yake nilifika jua halijachomoza sawasawa. Yeye alikuwepo, juu ya ndoo yake, na chupa ya chai miguuni. Nilienda mpaka kwenye kikapu, nikarudi. Nilienda kwenye kilango, nikashika gurudumu lake, nikaliacha. Nikamwuliza saa ngapi. Nikazunguka bwawa lote, nikamwuliza tena.

"Kaa chini, Kiguu," aliniambia.

Mlinzi pale getini alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikaa. Dada alimimina chai, akainywa taratibu akiyatazama maji, akanywa mpaka chini kabisa, akakung'uta majani na kukifunika kikombe juu ya chupa. Saa mbili ilipogonga alisimama, akaingia majini hadi magotini, akakivuta kikapu. Tulihesabu pamoja. Walikuwa kumi, na wa kumi alimrushia maji usoni.

Hakushangilia. Alikwenda kwenye kilango akazungusha gurudumu, na maji yakaanza kuteremka mferejini, ya kijani, kuelekea kwenye safu nilizoacha kuzitazama.

"Kimbia sasa," alisema, "yasikutangulie."