Shusheni Maiki

Wasomaji wangu, juzi asubuhi nilikuwa dukani kwangu hapa Bariadi, nafunga mnyororo wa baiskeli ya mteja, redio ikafika kwenye matangazo ya vifo. Mtangazaji akataja Kasoli, akataja ukoo, halafu sauti ikamkwama. Nikaweka spana chini. Nilijua ni nani kabla hajamtaja, maana mtangazaji halii kwa kila maiti. Amekufa yule mama mwimbaji aliyekuwa akitembea kwa mikono, ndala zake kazivaa viganjani, miguu ilikauka tangu polio ilipompata utotoni. Jana tumemzika. Hakuwa ndugu yangu wala jirani. Ni mtu aliyenifundisha jambo moja wakati nimeshazeeka na ninadhani nimemaliza kujifunza.

Nijieleze kwanza, sipendi kujificha. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kuziba pancha juani, nikaja kuuza spea, nikajenga duka, nikasomesha watoto saba, na hakuna aliyenishika mkono. Najivunia, sitaki kudanganya. Lakini mtu wa namna yangu hupata ugonjwa mmoja: huamini kwamba asiyefika alipofika yeye hakutaka tu. Na ugonjwa wangu huo watu wakaupa uenyekiti wa kamati ya mashindano ya ngoma. Kwa asiyeyajua mashindano yetu ya Kisukuma, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, yule mtunzi anayeongoza nyimbo. Hakuna jaji mwenye kalamu. Jaji ni watazamaji. Kikundi kinachovuta watu wengi ndicho kimeshinda. Manju unaweza kuwa katikati ya wimbo wako mtamu, ukaona watu wanakugeuzia migongo na kukimbilia kwa mwenzako.

Yule mama alikuwa anaimbia walimaji. Wakati wa palizi ya pamba watu hujipanga mstari mmoja, naye alikaa mwisho wa shamba anawaimbia, majembe yanafuata sauti yake. Kasoli nzima ilijua nyimbo ni zake. Lakini mavuno yakiisha na uwanja ukifunguliwa, nyimbo hizo zilichukuliwa na wenye miguu, wakasimama nazo mbele za watu, wakapigiwa vigelegele vyake. Siku moja akaja dukani, kajikokota kutoka stendi, tukaamkiana kwa Kisukuma, mimi nikimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Umefuata baiskeli ya magurudumu matatu?"

"Baiskeli sijaomba. Nataka uwanja. Niandike kwenye orodha ya mamanju."

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka. Nikamwambia, "Mayu, haya ni mashindano ya kuonekana. Wewe ukikaa pale katikati, watu wa nyuma wataona vumbi tu." Akajibu, "Haya, baba. Nimekusikia." Akavaa ndala zake mikononi, akaondoka, na mimi nikarudi kwenye kazi zangu bila hata kumsindikiza mlangoni.

Msimu uliofuata redio moja ya hapa kwetu ikaanzisha kipindi cha nyimbo za asili, na mtangazaji wake, binti mdogo tu, akasikia habari za mwimbaji wa mashambani. Akamwita. Studio yao ilikuwa ghorofani, ngazi nyembamba kama ya kupandia ghalani. Vijana wakataka kumbeba. "Mimi si gunia la pamba," akawaambia. Binti akauliza, "Sasa tufanyeje, mayu?" Akajibu, "Waya wako una urefu gani?" Basi wakateremsha waya mpaka stoo ya chini, wakatandika mkeka, lakini maiki ikabaki imesimama juu kama shingo ya twiga. "Shusheni maiki," akasema. "Mimi siwezi kupanda. Yenyewe inaweza kushuka."

Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi siku hiyo nilisikia sauti tu, nikasimama katikati ya duka na mafuta mikononi. Nikapiga simu redioni, nikaunganishwa hewani, Simiyu nzima inasikia: "Huyo manju ni nani? Watu kama huyo ndio tunaowataka uwanjani! Mimi mwenyekiti wa mashindano namzawadia mtamba!" Na kwa sisi Wasukuma, ng'ombe ukishamtaja hewani hana kurudi zizini. Kwanza nikasikia kicheko. Halafu: "Mwangaluka, baba wa baiskeli. Ni mimi, yule wa vumbi." Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. La kwangu liliota hewani, watu wote wakisikiliza. Akanisaidia mwenyewe: "Mtamba kaa naye, baba. Niandike kwenye orodha."

Nikamwandika. Siku yake ilipofika, redio ikaleta spika na maiki, maiki ikashushwa mpaka mkekani, vijana wake wakacheza kumzunguka. Uwanja ukahamia kwake. Watu walikanyagana, na mimi nikaanza kujipongeza kama vile nimemzaa. Ndipo wale wa upande wa pili wakafungua gunia na kumtoa chatu. Mnajua watu wetu kwa chatu! Walikimbilia wote kwenda kumtazama, na wajukuu zangu wakiwa mbele. Akabaki na kikundi chake na mimi. Nikamwendea kichwa chini. "Pole, mayu."

"Pole ya nini?" Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Miaka yote sijawahi kushindwa, baba, kwa sababu sijawahi kushindanishwa. Leo nimeshindwa na chatu. Siyo na miguu. Mwakani niandike tena, na wewe unitafutie nyoka."

Nikamwandika kila mwaka. Alishinda mara kadhaa, akashindwa mara kadhaa, kama mamanju wengine. Ile stoo ya chini nayo haikurudi kuwa stoo. Akaja mpiga ngoma asiyeona kutoka Kiloleli. Akaja binti mwenye ualbino kutoka Nyashimo, ambaye mama yake hakumruhusu kukanyaga viwanja vya ngoma kwa sababu tunazozijua sote na tunazoona aibu kuzitaja. Kwenye mkeka ule hakuna aliyeuliza nani anaonekanaje. Redio haikuwafanyia hisani watu hawa. Ilirefusha waya tu. Sisi wenye nguvu tukiona mtu ameshindwa kupanda, haraka tunataka kumbeba, ili atushukuru. Nani kati yetu hufikiria kukishusha kitu? Kaunta ya duka langu nimeikata upande mmoja, ifike magotini. Wateja wananiuliza kwa nini. Nawaambia niliagizwa.

Jana pale msibani niliitwa niseme neno. Maiki ilikuwa imesimamishwa kwenye chuma chake, urefu wa mtu mzima. Nikaifikia, nikaitazama, nikakunja magoti yangu ya uzee, nikakaa kwenye mkeka. Watu wakadhani nimezidiwa, wakaanza kuniletea maji. Yule binti wa redio peke yake ndiye aliyeelewa. Akaja akashusha maiki. Nikamshukuru mama yule kutoka pale chini, polepole, kwa Kisukuma. Watu wa nyuma hawakuniona kabisa. Walinisikia wote.