Skrubu Iliyosuguliwa Ikang'aa: Kwa Daktari Candiru

Kichwa changu kimeikataa habari hii tangu jana. Nimempigia dada yake mara mbili kuithibitisha, kama ninavyofanya kazini gazetini. Jibu ni lile lile. Rafiki yangu Candiru, daktari wa meno wa hapa Arua, amefariki.

Alikuwa akipanda meno. Skrubu ndogo huingia kwenye taya. Mfupa ukishaishika, jino huwekwa juu. Zile alizozipigania yeye zina utando wa kuzuia vijidudu na kuusaidia mfupa kupona.

Nilikuwepo siku ya skrubu ya kwanza ya aina hiyo. Nesi Adiru aliifungua, akaiona imefifia, akadhani ni uchafu. Akaisugua kwa brashi mpaka ikang'aa.

"Daktari, sasa iko safi kabisa!"

Candiru akaitazama. "Sister, umeusugua utando wote wa dawa ukatoka."

Kwenye kiti alikuwa Mzee Sadiki, fundi cherehani wa Koboko, mdomo umeshapigwa ganzi. Skrubu nyingine ya saizi yake haikuwepo. Angeiweka ile ile, nani angejua?

Hakuiweka.

"Mimi natoka Koboko," mzee akafoka, ulimi mzito, "unanirudisha juu ya kitu iko safi sana?"

"Nikiweka hii, Mzee, leo utacheka, kesho itatoa usaha."

Kisha akanigeukia. "Ripota, andika kosa ni langu. Mimi sikumfundisha." Niliandika hivyo. Ilikuwa kweli.

Mzee alirudi siku nyingine, akawekewa skrubu mpya. Candiru akamkataza kukata uzi kwa meno.

"Makasi iko, Daktari, lakini inapotea."

"Na jino, Mzee, halikupotea?"

Leo mzee amenipigia. "Pole, ndugu. Sasa hii yangu nani ataangalia? Alisema bila kuangalia mfupa, hakuna jino."

Swali la haki. Nimelipeleka kwa Adiru, msibani mtaa wa Mvara, akipika.

"Faili iko na mimi," akasema, mwiko mkononi. "Daktari mwenzake amekubali. Alhamisi nakwenda Koboko kumchukua mwenyewe."

Nanyi wengine mliopandwa meno naye, msikose follow-up, kurudi kukaguliwa, kwa sababu yeye hayupo. Skrubu imelegea, semeni. Imeshika, semeni. Hicho ndicho alichotaka kujua: kama utando ule unafanya kazi kwenye vinywa vyetu.

Candiru, Alhamisi mzee akikaguliwa nitakuwa pale na daftari. Nitaandika kitakachoonekana, kizuri au kibaya.

Lala, dada yangu. Mgonjwa wako ana watu.