Kigoda cha Adabu

Mshona nguo mmoja alikuwa mfupi, na mumewe, seremala, alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni. Rafu ya jikoni mume aliipima kwa mkono wake mwenyewe, akaipigilia pale mkono ulipofika, akasema imekaa vizuri. Kwake, ndiyo. Mke, kila akitaka chumvi, alipanda kigoda.

Kigoda chenyewe mguu mmoja ulikuwa umelegea tangu binti yao hajaolewa. Seremala alitengeneza vitanda vya watu, madirisha ya watu, hata majeneza, lakini mganga hajigangi. Alichomeka karatasi iliyokunjwa kwenye tundu la mguu, akasema kigoda hiki kinataka adabu tu. Neno likashika. Kukaa kwa adabu ikawa ni kuegemea kushoto. Mgeni akiambiwa, "Karibu, kaa kwa adabu," alijiuliza amekosa nini, na wenyewe wakacheka. Mke naye alicheka, miaka nenda rudi. Ila alikumbusha pia. Mara kwa upole, mara kwa kununa. Aliambiwa kesho, na kesho ya fundi, kama mjuavyo, haikuchi.

Asubuhi hiyo mchuzi uko motoni, mteja yuko mlangoni anaulizia gauni lake. Mke akapanda mbiombio, akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, huku amegeuza shingo kumjibu mteja. Mdomo ulikuwa na adabu, mguu ukasahau. Kigoda kikamwacha, nyonga ikapiga kizingiti.

Hospitali walimwambia mguu wa kulia hautakunjika tena kama zamani. Na cherehani yake ni ya kukanyaga. Mguu ule ndio uliomlisha tangu usichana, ukamlisha na mume zile siku mbao hazinunuliki.

Seremala alikuja wodini, akasimama kando ya kitanda, kofia akiizungusha mkononi.

"Mama, si nilikwambia kinataka adabu?"

Labda alitaka kumchekesha. Wagonjwa wa jirani wakangoja kicheko. Mke akageukia ukuta.

Aliporudi nyumbani alikuta kigoda kimetengenezwa, gundi na msumari, hakitikisiki hata ukikipiga teke. Kazi ambayo ingeisha kabla kikombe cha chai hakijapoa. Rafu iko palepale juu. Cherehani imefunikwa shuka.

Mumewe akamletea magongo aliyoyachonga mwenyewe, ya mbao nzuri, yamepigwa msasa hadi yanateleza kama shavu la mtoto. Mke akayatia kwapani, akajiinua. Mabega yakapanda hadi masikioni. Vidole vya mguu mzima ndivyo tu vilivyogusa sakafu.

"Umempimia nani haya?"

Seremala akayatazama magongo, kisha akautazama mkono wake.

"Nitayakata," akasema. "Kesho."

Mke akayaweka magongo kando. Akajishusha polepole juu ya kigoda kilichopona na, kwa mazoea, akaegemea kushoto.