Kidonge cha Mgongo

Walimwita Vidole, na jina lilimkaa. Akikushika kichwa unaanza kumsimulia visa vya mawifi zako, na kabla hujafika kwenye uhondo wenyewe, mistari imeshanyooka na umekabidhiwa kioo. Wateja walimgombea. Mwenye saluni, mama wa sauti nene waliyemwita Bi Mkubwa, alijisifia vidole vile kama vile alivizaa yeye.

Lakini kusuka hakumwachi mtu na kiuno chake. Kutwa umeinama, na jioni mgongo unakudai. Kwa ajili hiyo pale saluni kulikuwa na kopo, kopo la majani ya chai lililokaa kwenye rafu ya shampuu. Yeyote aliyeandikiwa dawa akapata nafuu kabla hazijaisha, zilizobaki alizileta, akazitoa kwenye pakiti zake na kuzimimina humo. Kutupa dawa? Thubutu! Humo vidonge vilichanganyikana, na daktari alikuwa ni rangi. Vya njano vilikuwa vya tumbo, vyekundu vya kuongeza damu, na vyeupe vikubwa vyenye mstari katikati vilikuwa vya mgongo. Nani alisema ni vya mgongo? Hakuna aliyejua, ila ole wako ubishe.

“Meza, mwanangu,” Bi Mkubwa alimwambia Vidole kila alipomwona anajishika kiuno, na maji alimletea kwa mkono wake mwenyewe.

Doa la kwanza lilitokea nyuma ya mkono wa kulia, la pili pembeni mwa mdomo. Yalianza mekundu, yanawasha na kuchoma, kisha yakawa meusi ya mviringo, kama mtu kayachora kwa kufuata kizibo cha soda. Yakafifia. Mgongo uliposumbua tena akameza, na madoa yakarudi palepale yalipokuwa.

Hapo maneno yakaanza, na maneno ya saluni mnayajua. Mmoja alikumbuka kwamba mume wa Vidole ni dereva wa malori, na malori, jamani, yanalala njiani. Mwingine alishangaa kwa nini iwe mdomoni. Wateja waliokuwa wakimgombea wakawa na haraka za ghafla. “Leo acha tu, nitapita kesho,” halafu unawakuta kwenye kiti cha jirani, wametulia tuli. Bi Mkubwa akamnunulia glovu. Glovu! Hebu nawe kamata unywele mmoja mmoja na mipira mikononi, uone kama hutalia.

Alikwenda zahanati. Tabibu hakusogea hata kuutazama mkono. “Mumeo ametulia?” ndivyo alivyoanza, na baada ya hapo, “Na wewe je?” Alimpima damu akitafuta ugonjwa aliokwisha kumpa kichwani mwake, majibu yakatoka safi, na badala ya kumwomba msamaha akamsukumia tyubu ya krimu na kuita mgonjwa mwingine. Vidole alitoka pale na hasira zake, maana hakuwahi kuvuliwa heshima namna ile na mtu aliyekaa kitini.

Aliporudi, Bi Mkubwa alimvuta pembeni. “Mwanangu, hayo madoa yasipoisha, kiti chako itabidi nimpe mwingine. Si mimi, ni wateja.” Si yeye! Saluni ya nani, basi?

Kile kiti ndicho kilichokuwa riziki ya Vidole, na ndicho kilichomfanya mtu mtaani. Hakukubali kukiachia. Akaenda hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole aliyeushika mkono wake bila kusita na kumuuliza siku madoa yalipoanza alikuwa amemeza nini. Vidole akatoa kidonge cheupe alichokuwa amekifunga kwenye leso, akiba ya mgongo ukimdai njiani. Daktari akakigeuza, akasoma herufi zilizochongwa juu yake.

“Nani kakwambia hii ni ya mgongo? Hii ni ya kuua vijidudu, na mwili wako unaikataa. Kila ukiimeza, ngozi inawaka mahali palepale.”

“Lakini daktari, huwa napata nafuu.”

“Ukishameza, unakaa kidogo?”

“Nakaa.”

“Basi huko kukaa ndiko kunakokuponya.” Kisha akaacha utani. Madoa hayakuwa ya kuambukiza, alisema, na mume hakuwa na kosa. Ila dawa ile asiiguse tena, hata ya kujaribu, maana safari nyingine ngozi ingeweza kuvimba malengelenge na kuchubuka vibaya.

Vidole alirudi saluni mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Alikuwa amepata mteja, mwalimu wa chekechea, mgeni mtaani ambaye maneno hayajamfikia. Alipomaliza nusu ya kichwa chake, akawaeleza wote aliyoambiwa.

Bi Mkubwa alivimba. “Kwa hiyo mimi nawalisha watu sumu?” Akashusha kopo, akachomoa cheupe, akakimeza mbele ya wote na kutoa ulimi. “Haya, doa liko wapi?”

“Mama, ni mwili wangu tu unaokataa, si wa kila mtu.”

“Basi meza na wewe, hapa hapa, tuone. Likitokea, kiti ni chako na radhi nitakuomba. Lisipotokea, utatueleza hayo madoa uliyaokota wapi.”

“Hiyo ndiyo haki!” wanawake wakaitikia. Haki! Watu wazima, wenye watoto nyumbani, wanataka mwenzao aungue ili wao waridhike!

Vidole alikipokea. Alikitazama kiti chake, akajiambia ni doa tu, litapita. Akakumbuka malengelenge, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

“Mwenzenu akisema kichwa kinamuuma, mnamwamini,” alisema. “Mimi mpaka niungue mkiangalia? Simezi.” Akakitupa kwenye karai la maji machafu, akakusanya vitana vyake.

“Dada, na mimi?” mwalimu akauliza, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama wima.

“Nifuate, au baki hivyo.”

Mwalimu akafuata, barabarani, mchana kweupe, na kichwa chake nusu. Barazani kwa Vidole alikalia kigoda, na Vidole akasuka kwa ghadhabu, akivuta nywele kama anayempiga mtu. Mwalimu alivumilia kidogo, kisha akaukamata mkono wenye doa na kuutazama. Vidole akasubiri matusi.

“Linauma?”

“Linauma,” alisema. “Linachoma mpaka silali.” Akalia kwa nguvu, kitana mkononi.

Saluni nzima ile hakuna aliyewahi kumuuliza, na swali lenyewe lilikuwa fupi namna hiyo.